Timu inayowania ubingwa ilete mrushaji katikati ya msimu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi wa saba ukifika, ligi kuu ya besiboli ya Marekani hugeuka soko. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na ndugu wanaoufuatilia mchezo huu, wengi wao wakiwa walihamia Amerika Kaskazini na mazoea yao ya soka. Msimamo wangu nautoa mapema: timu yenye nafasi ya kweli ilete mrushaji, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kinachoninyima usingizi ni mrushaji yupi, na kwa bei gani.

Hili ni kama dirisha dogo la usajili kwenye soka?

Kwa pilikapilika za siku za mwisho, ndiyo. Simu zinapigwa usiku kucha, tetesi zinazagaa, mashabiki hawalali. Kwa malipo, hapana. Simba au Yanga ikimtaka mchezaji mwenye mkataba kwingine, inalipa ada kwa klabu yake. Kwenye besiboli, mchezaji hununuliwa kwa wachezaji. Timu iliyokwisha kukata tamaa na msimu inatoa mrushaji wake mzoefu na kupokea chipukizi wawili watatu ambao bado wako ligi za chini. Fedha zikiingia, aghalabu ni za kusaidia kulipa mshahara wake. Ndiyo maana uchungu wake ni mkali kuliko wa soka: pesa ikienda huioni tena, lakini kijana uliyemtoa utamwona kwenye televisheni kwa miaka kumi na tano akiwa na jezi ya watu wengine.

Kuhusu tarehe ya mwisho ya biashara hizi, kamishna wa ligi sasa huchagua siku moja kati ya Julai 28 na Agosti 3. Zamani kulikuwa na mlango wa uani uliobaki wazi mwezi mzima wa Agosti kwa utaratibu maalumu. Mlango huo ulifungwa kuanzia msimu wa 2019.

Kwa nini kila mtu anatafuta warushaji? Wapigaji hawahitajiki?

Wanahitajika, lakini mpigaji anaweza kucheza kila siku. Mrushaji hawezi. Msimu una mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, na yule anayeanza mechi hurusha mara moja kila baada ya siku tano hivi. Timu hupanga watano wanaopokezana, na nyuma yao kuna kikosi cha warushaji wa akiba wanaoingia mchezo ukiwa katikati au mwishoni.

Tena mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kilomita 150 kwa saa mara tisini kwa jioni moja. Kano ya kiwiko hukatika. Tangu mwaka 1974, Dkt. Frank Jobe alipomfanyia upasuaji Tommy John, warushaji wengi wamefungwa kano mpya na kurudi kazini, lakini kupona huchukua mwaka na zaidi. Timu iliyoanza Aprili na warushaji watano wazuri ina bahati kubwa ikifika Julai na wanne. Kwa hiyo kutafuta mrushaji kiangazi si dalili ya uongozi kushindwa kazi. Ni kuziba pengo ambalo karibu kila timu hulipata.

Timu itajuaje kwamba inawania kweli, na haijidanganyi?

Hili ndilo gumu siku hizi. Tangu 2022 timu 12 huingia kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano za Oktoba, sita kutoka kila moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Mwezi Julai utakuta timu zaidi ya ishirini zinazoweza kukuonyesha kwa hesabu kwamba bado zimo. Matokeo yake wauzaji ni wachache, wanunuzi tele, na bei inapaa.

Mimi hutazama mambo mawili. La kwanza ni tofauti ya mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) iliyofungwa na iliyoruhusiwa, kwa sababu timu inaweza kushinda mechi nyingi za mkimbio mmoja kwa bahati, na bahati hiyo hukauka Agosti. La pili ni hili: ukimwongeza mrushaji huyo, je, timu itakuwa na watatu unaowaamini kuanza mechi za mchujo? Kama akija bado atakuwa yeye peke yake, subiri. Mrushaji mmoja hawezi kuibeba timu wiki nne za Oktoba.

Mbona mnapenda kumtaja John Smoltz kama onyo?

Kwa sababu kisa chake kinauma, na kwa maoni yangu kinaeleweka vibaya.

Agosti 12, 1987, Detroit Tigers walikuwa wakifukuzana na Toronto Blue Jays. Walimchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta Braves, mrushaji mwenye umri wa miaka 36, na wakamtoa Smoltz, kijana wa miaka 20 ambaye alikuwa akihangaika ligi za chini. Kijana huyo alikuwa mtoto wa Michigan, mkoa ule ule wa timu, na Tigers ndiyo iliyokuwa timu ya moyo wake tangu utotoni. Akaambiwa afungashe aende kusini.

Alexander alifanya alichoitiwa. Alianza mechi 11, akashinda 9, hakupoteza hata moja, na wastani wake ulikuwa mikimbio 1.53 aliyoruhusu kwa kila inningi tisa (inningi ni awamu ambayo kila timu hupata zamu ya kupiga, na mechi ya kawaida ina tisa). Tigers walimaliza na ushindi 98, Blue Jays 96. Siku ya mwisho ya msimu Frank Tanana aliwafunga Toronto 1-0 na Detroit ikatwaa kundi lake. Tofauti ya mechi mbili! Ondoa ushindi tisa wa Alexander, weka mrushaji wa kawaida, uone nani angekuwa bingwa wa kundi.

Halafu ikaja upande wa pili wa kisa. Kwenye mchujo, Minnesota Twins waliwatoa Tigers kwa mechi nne kwa moja, na Alexander alipoteza mechi zote mbili alizoanza. Smoltz alikwenda kushinda mechi 213 katika maisha yake ya mchezo, akafunga mechi 154 kama mrushaji wa mwisho, yaani aliingia mwishoni akaulinda ushindi, akapata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 1996, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji.

Watu husema Tigers waliibiwa. Sikubaliani. Agosti 1987 Smoltz hakuwa gwiji, alikuwa kijana mwenye wastani wa zaidi ya mikimbio mitano katika daraja la pili kutoka juu la ligi za chini. Kosa la Detroit, kama lipo, ni la kutomjua mtoto wao wenyewe. Atlanta waliona kitu kwenye mkono ule ambacho waliokuwa wakimlisha kila siku hawakukiona. Hapo ndipo pa kujifunza: kabla ya kumtoa kijana, muulize kocha anayeishi naye, na umsikilize akisema “huyu msimguse”.

Nani aletwe, wa kuanza mechi au wa akiba?

Wa kuanza, ukimpata kwa bei ya haki. Oktoba ina siku nyingi za mapumziko, hivyo timu huwatumia watatu au wanne tu. Mrushaji wa tano anakusaidia kufika huko lakini akishafika hukaa benchi, kwa hiyo usilipe kwa ajili yake zaidi ya senti mbili. Wa pili au wa tatu kwa ubora ndiye wa kumpigania.

Wa akiba ni mtihani. Anarusha inningi chache, lakini mara nyingi ndizo zinazoamua. Boston Red Sox mwishoni mwa Agosti 1990 walimtaka Larry Andersen wa Houston, na wakamtoa Jeff Bagwell, kijana wa New England kwao. Andersen aliwarushia inningi 22, vizuri kabisa, kisha Oakland wakawafagia Boston mechi nne bila, na yeye akaondoka. Bagwell alipiga homurani (mpira unaopigwa ukavuka uzio) 449 akiwa Houston na yuko ukumbi wa magwiji. Inningi 22! Seattle nao mwaka 1997 walimfuata Heathcliff Slocumb ili awafungie mechi, wakawapa Boston Derek Lowe na Jason Varitek, wote wawili wakiwa nguzo za Boston iliyotwaa ubingwa wa 2004.

Upande wa pili kuna Chicago Cubs wa 2016. Hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Walimleta Aroldis Chapman kutoka New York Yankees, mrushaji wa mpira unaozidi kilomita 160 kwa saa, na bei ilikuwa vijana wakiongozwa na Gleyber Torres. Mechi ya saba ya World Series, fainali ya ubingwa, dhidi ya Cleveland, Chapman akiwa hoi kwa kutumiwa mno mechi mbili zilizotangulia, Rajai Davis alimpiga homurani ya kusawazisha, 6-6. Cubs walishinda 8-7 katika inningi ya kumi. Torres alichaguliwa kwenye timu ya nyota mara mbili akiwa na Yankees. Muulize shabiki yeyote wa Cubs kama angeirudisha biashara ile.

Kuna jambo jingine kuhusu Chapman ambalo si la hesabu. Alianza msimu ule akitumikia adhabu ya mechi 30 chini ya kanuni ya ligi kuhusu ukatili wa majumbani, ingawa hakushtakiwa mahakamani. Mashabiki wengi, wanawake hasa, walishindwa kumshangilia. Mimi naona timu inayoleta mchezaji inaleta mtu mzima mzima, na uongozi una wajibu wa kulipima hilo pia.

Mchezaji ambaye mkataba wake unaisha Novemba, kuna faida gani kumlipia?

Huyo ni mpangaji wa miezi mitatu. Unamlipia kodi, hujengi chumba. Hata hivyo mpangaji anaweza kukubadilishia mtaa.

Milwaukee Brewers hawakuwa wamefika mchujo tangu 1982. Julai 7, 2008 walimchukua CC Sabathia kutoka Cleveland. Alianza mechi 17, akashinda 11 na kupoteza 2, wastani 1.65, na mechi saba alizimaliza mwenyewe kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Wakati huo alikuwa anasubiri mkataba mkubwa wa maisha yake. Kila mtu angemwelewa kama angeulinda mkono wake. Badala yake, wiki za mwisho aliomba mpira baada ya siku tatu tu za mapumziko, mara tatu mfululizo, na siku ya mwisho ya msimu akawafunga Cubs 3-1 na Milwaukee ikapita. Nimeona mengi katika mchezo huu, sijaona mpangaji aliyeipenda nyumba ya kupanga kiasi kile.

Kwenye mchujo mkono ulikuwa umekwisha. Philadelphia Phillies walimtoa kabla ya inningi ya nne kumalizika. Majira ya baridi alisaini na Yankees miaka saba kwa dola milioni 161.

Na bei? Cleveland walimtangaza Matt LaPorta kama johari ya biashara ile. LaPorta hakufika mbali. Aliyewafaa ni Michael Brantley, ambaye siku ya makubaliano jina lake halikuwa limetajwa, kwani ligi inaruhusu timu kukubaliana kwamba mchezaji mmoja atatajwa baadaye. Hata walioangalia kwa makini walimtazama asiye yeye.

Lakini kumbuka kanuni: mchezaji aliyehamishwa katikati ya msimu, timu yake mpya haiwezi kumpa ile ofa rasmi ya mwaka mmoja ambayo, akiikataa na kuondoka, huiletea timu fidia ya nafasi ya kuchagua kijana. Mpangaji akiondoka, umebaki na kumbukumbu.

Ndiyo maana nampenda zaidi mrushaji mwenye mwaka mmoja au miwili iliyobaki. Justin Verlander alikubali kwenda Houston Astros sekunde chache kabla ya saa sita usiku, Agosti 31, 2017, jiji likiwa bado limejaa maji ya kimbunga Harvey. Alishinda mechi zote tano za Septemba, akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi yao, wakatwaa ubingwa. Ubingwa ule una doa, kwa kuwa baadaye ligi ilithibitisha kwamba Astros walikuwa wakiiba kwa kamera ishara ambazo wapinzani hupeana kuhusu mpira utakaorushwa. Hilo liko upande wa wapigaji, halifuti alichofanya Verlander kwa mkono wake, na aliendelea kuwapa tuzo za Cy Young za 2019 na 2022.

Mchezaji anaweza kukataa kuhamishwa?

Wengi hawawezi. Aliyecheza ligi kuu miaka kumi, na mitano ya mwisho akiwa na timu moja, ana haki ya kusema hapana. Wengine huandikiwa haki hiyo kwenye mkataba. Waliobaki hupigiwa simu, hupewa tiketi, na familia hufuata baadaye.

Tutajuaje mkono wake ni mzima?

Hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Juni 15, 1964 Cubs walimpata Ernie Broglio kutoka St. Louis Cardinals, mrushaji aliyekuwa ameshinda mechi 18 mwaka uliotangulia. Kiwiko chake kilikuwa kibovu tayari. Aliwashindia Cubs mechi saba tu katika misimu mitatu. Waliyemtoa, Lou Brock, alipiga wastani wa .348 (karibu mapigo 35 yaliyofanikiwa kwa kila mia) mwaka ule ule, Cardinals wakawa mabingwa, naye akamaliza maisha yake ya mchezo na besi 938 za kuiba, yaani vituo alivyovikimbilia kwa kuwashtukiza wapinzani.

Siku hizi timu hupeana kumbukumbu za matibabu, na bado watu hufichana. Mwaka 2016 San Diego Padres waliwapa Boston Drew Pomeranz, ikaja kugundulika taarifa zote za afya hazikuwa zimetolewa, na ligi ikamsimamisha kazi meneja mkuu wa Padres siku 30. Mazito zaidi ni kwamba chipukizi waliyempokea Padres, Anderson Espinoza, ndiye aliyeishia kufanyiwa upasuaji wa kiwiko mara mbili. Mikono haichagui upande.

Hata mzima huchoka. Max Scherzer alikwenda Los Angeles Dodgers Julai 2021, akashinda saba bila kupoteza. Oktoba ilipofika alitumiwa kwa namna ambayo hakuizoea, mkono ukagoma, na hakuweza kuanza mechi ya sita dhidi ya Atlanta, ambayo Dodgers walipoteza na kutolewa. Ushauri wangu: uangalie inningi alizokwisha kurusha msimu huu ukilinganisha na msimu uliopita kabla ya kuangalia ushindi wake.

Tukimleta kisha tukatolewa raundi ya kwanza, si tumepata hasara?

Mashabiki wa Houston wanalijua swali hili tangu 1998. Randy Johnson alitua kwao Julai 31 kutoka Seattle, akashinda 10 na kupoteza 1, wastani 1.28. Timu ikamaliza na ushindi 102. Kwenye mchujo dhidi ya San Diego alianza mechi mbili, na katika kila mojawapo Astros wenzake walipata mkimbio mmoja tu. Alipoteza zote, akaenda Arizona, akatwaa Cy Young nne mfululizo. Seattle walijipatia Freddy García, Carlos Guillén na John Halama, na García akawa na wastani bora wa ligi yake mwaka 2001, Seattle iliposhinda mechi 116.

Uamuzi wa Houston ulikuwa sahihi. Mrushaji hawezi kuwapigia wenzake mpira. Anayepima biashara kwa matokeo ya mechi tano za Oktoba ataogopa kila biashara, na timu yake itazeeka ikilinda chipukizi ambao wengi wao hawafiki.

Je, hatuwezi kusubiri majeruhi wetu warudi, tusitoe mtu?

Wakati mwingine ndiyo, na Dodgers wa 2025 ni shahidi. Siku ya mwisho walimchukua Brock Stewart kwa upande wa warushaji wa akiba, naye akaumia bega. Oktoba wakamgeuza Roki Sasaki, mrushaji wa kuanza aliyetoka kuuguza bega, kuwa mfungaji wa mechi. Mechi ya saba ya fainali Yoshinobu Yamamoto aliingia kumalizia, siku moja tu baada ya kurusha mipira 96. Lakini hiyo ni timu tajiri kuliko karibu zote, yenye warushaji wa kubahatisha nao. Usiige usichokuwa nacho.

Wapinzani wao, Toronto, walichukua njia nyingine ambayo naiona ya busara zaidi kwa timu ya kawaida. Walimnunua majeruhi wa watu. Shane Bieber wa Cleveland alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2024 na hakuwa amerusha hata mpira mmoja wa ligi kuu mwaka 2025. Kwa hofu hiyo bei ikawa chipukizi mmoja, Khal Stephen. Bieber akaanza Agosti 22, akaanza mechi ya saba dhidi ya Seattle iliyowapeleka fainali, akamshinda Shohei Ohtani katika mechi ya nne ya World Series.

Ndiye pia aliyekuwa na mpira mkononi inningi ya 11 ya mechi ya saba, Will Smith alipoupiga ukavuka uzio na Dodgers wakaongoza 5-4. Nimeulizwa mara nyingi tangu usiku ule kama Toronto walikosea kumleta. Ningekuwa mimi, ningempigia simu Cleveland tena asubuhi ile ile.

Siku ya mwisho ikipita ndiyo basi?

Karibu. Mchezaji aliyeachwa na timu yake bado anaweza kuchukuliwa, na ili aruhusiwe kucheza mchujo lazima awe ndani ya timu mpya kabla Agosti haijaisha. Wanaopatikana kwa njia hiyo ni wale waliokwisha kukataliwa na wenzako, kwa hiyo tegemea inningi chache za Septemba, timu ikiwa inawapumzisha wale watatu wa kuanza mechi za mchujo.